Mgonjwa wa kisukari, aspirini, na mazungumzo yanayokosekana kliniki

Mtu anayegundulika kuwa na kisukari hapa Tanga hupata ushauri wa dawa kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni daktari, anayemwandikia dawa za kushusha sukari, yaani metformini na pengine glibenklamidi, kisha akampangia tarehe ya kurudi kliniki. Upande wa pili ni yeyote aliyemtangulia katika maradhi hayo, awe jirani, shemeji, au mwenzake wa msikitini au wa kwaya, ambaye kwa nia njema kabisa humwambia asisahau kumeza kile kidonge kidogo cha aspirini kila jioni ili damu isigande. Ushauri wa kwanza huandikwa kwenye daftari la matibabu. Wa pili hauandikwi popote, na kwa sababu hiyo mara nyingi daktari hajui hata kama upo.

Naamini kwamba mwenye kisukari hapaswi kuanza wala kuacha aspirini ya kila siku kabla hajakaa na daktari wake wakalizungumza jambo hilo kwa uwazi, na kwamba mazungumzo hayo ni sehemu ya tiba sawasawa na kidonge chenyewe. Sisemi kwamba aspirini ni dawa mbaya. Kwa baadhi ya watu inaokoa maisha, na kwa wengine wenye ugonjwa huohuo, umri unaokaribiana, na pengine wanaoishi mtaa mmoja, hatari yake inalingana na faida yake au inaizidi. Ukiwatazama kwa macho tu huwezi kuwatofautisha watu hao, na muuza duka naye hawezi.

Aspirini imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 1899, na kwa miongo mingi ilijulikana kama dawa ya homa na maumivu. Mwaka 1971 mtafiti wa Uingereza John Vane alionesha kwamba inauzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, kazi iliyochangia apewe Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Leo inafahamika kwamba dozi ndogo, ya miligramu 75 hadi 100 kwa siku, inatosha kuzifanya chembe sahani za damu zisishikane kwa urahisi. Chembe sahani ndizo zinazokimbilia mahali mshipa ulipochanika ili kupaziba. Zinapofanya hivyo ndani ya mshipa wa moyo au wa ubongo uliokwisha kujaa mafuta, damu hukwama, na hapo ndipo linapotokea shambulio la moyo au kiharusi, mambo mawili ambayo mwenye kisukari yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuyapata. Lakini chembe sahani hizohizo ndizo zinazoziba kidonda kidogo cha tumboni kisiendelee kuvuja, na aspirini haina namna ya kuchagua iziachie zipi na izizuie zipi. Ikishaigusa chembe moja, chembe hiyo hairudii kazi yake hadi inapokufa, baada ya siku 7 hadi 10. Zaidi ya hapo, baadhi ya prostaglandini inazozizuia ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi.

Kwa mtu aliyekwisha kupata shambulio la moyo, au kiharusi kilichotokana na mshipa kuziba, au aliyewekewa kibomba cha kupanua mshipa wa moyo, jambo hili lina utata mdogo. Tafiti zilizokusanywa kwa miaka mingi zimeonesha kwamba dawa za kundi hili hupunguza matukio mengine makubwa ya namna hiyo kwa karibu robo. Mtu huyo akiwa pia na kisukari, sababu ya kuitumia inazidi kuwa na nguvu, isipokuwa pale daktari anapoona kizuizi na kumpa dawa mbadala kama klopidogreli. Wewe msomaji uliye katika kundi hili, nakuomba usiache dawa yako kwa sababu ya makala yangu.

Utata uko kwa walio wengi, yaani wenye kisukari ambao moyo na mishipa yao haijawahi kuonesha tatizo linalojulikana. Kwa miaka mingi Chama cha Kisukari cha Marekani kilishauri aspirini kwa wagonjwa wengi wa kisukari waliovuka umri wa miaka 40, kwa hiyo mzee aliyeanzishiwa dawa hii zamani hakupewa ushauri wa ovyo, alipewa ushauri wa wakati ule. Mwaka 2008 tafiti mbili, moja ya Japani na nyingine ya Uskoti, zilishindwa kuonesha faida iliyo wazi kwa watu wa aina hiyo, na mwaka 2010 chama hicho kikaubana ushauri wake. Kisha mwaka 2018 yakatangazwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao ASCEND, uliowafuatilia watu 15,480 wenye kisukari wasio na ugonjwa wa moyo unaojulikana, nusu yao wakimeza aspirini ya miligramu 100 kila siku na nusu wakimeza kidonge kisicho na dawa, kwa wastani wa miaka zaidi ya saba. Matukio makubwa ya moyo na mishipa yaliwapata asilimia 8.5 ya waliomeza aspirini, na asilimia 9.6 ya wenzao. Kutokwa damu kwingi kuliwapata asilimia 4.1 ya waliomeza aspirini, na asilimia 3.2 ya wenzao. Ukizipeleka hesabu hizo kwenye watu elfu moja, kwa muda huo wote, watu wapatao 11 waliepushwa na tukio kubwa la mishipa, na watu wapatao 9 walitokwa damu kwa kiwango cha hatari ambacho bila aspirini kisingewapata.

Nazithamini tarakimu hizo kuliko semi za jumla, kwa sababu zinaonesha kwamba dawa ilifanya kazi yake pande zote mbili. Vilevile zinanifanya nifikirie mahali tulipo. Wengi wa washiriki wale walikuwa wakitumia pia statini za kupunguza lehemu, na waliishi katika nchi ambayo mtu akitapika damu usiku huitiwa gari la wagonjwa na kufikishwa hospitali yenye damu ya kuongezewa na kamera ya kuangalia ndani ya tumbo. Mtu anayetapika damu usiku katika kijiji cha Mkinga au ng'ambo ya mto Pangani hana nafasi kama hiyo, na kwa maoni yangu umbali kati ya nyumba ya mgonjwa na hospitali kubwa ni jambo ambalo daktari wa Tanga ana haki ya kulitia katika mizani. Umri nao ni hivyohivyo. Hatari ya kutokwa damu hupanda kadiri miaka inavyosonga, na ndiyo sababu mwaka 2022 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kinga ya magonjwa lilipendekeza kwamba mtu mwenye miaka 60 au zaidi, asiye na ugonjwa wa moyo, asianze aspirini kwa ajili ya kujikinga.

Mama yangu, mkazi wa Makorora, amevuka miaka sitini na ana kisukari pamoja na presha. Nilimsindikiza kliniki siku aliyotaka kuuliza kuhusu aspirini, kwa kuwa mdogo wake anayeishi Muheza alikuwa akiitumia na kumsisitiza aanze. Daktari, kijana anayelingana na kitinda mimba wetu, alimwamkia shikamoo, akalifungua daftari na kusoma kurasa kadhaa za nyuma kabla ya kuuliza lolote.

“Mama, haya magoti unayatuliza kwa dawa gani?”

“Nanunua diklopa dukani, mwanangu. Siku nikizidiwa nameza asubuhi na jioni.”

“Na tumbo, limewahi kukusumbua?”

“Zamani. Niliambiwa nina vidonda, nikapewa dawa, vikapoa.”

“Wakati huo uliwahi kupata choo cheusi, kama lami?”

Mama alinitazama mimi kwanza, kisha akamjibu kwa sauti ya chini kwamba ndiyo, aliwahi.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa limeandikwa daftarini. Daktari alimweleza, bila haraka, kwamba choo cheusi cha namna ile ni damu iliyotoka tumboni, kwamba aliyewahi kutokwa damu hivyo yuko karibu zaidi na kutokwa tena, na kwamba aspirini pamoja na diklofenaki, dawa ya maumivu iliyomo kwenye ile diklopa yake, vikikutana tumboni mwake vingemweka pabaya. Presha yake siku hiyo ilikuwa juu, na alimwambia kwamba kuishusha na kumwanzishia statini kungeulinda moyo wake kuliko kidonge alichokijia. Akamwachisha diklofenaki na kumpa parasetamo. Halafu akaandika mstari mmoja kwamba aspirini haifai kwa sasa kwa sababu ya historia ya vidonda vilivyotoa damu. Mama aliuliza kwa nini basi mdogo wake anaimeza. Jibu lilikuwa kwamba mdogo wake alikwisha kupata kiharusi cha mshipa kuziba, kikathibitishwa kwa picha ya kichwa, na kwa hiyo yeye anaihitaji. Ndugu wawili wa tumbo moja, wenye kisukari wote, na majibu mawili yasiyofanana, kila moja likiwa na sababu yake.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mazungumzo kama hayo ni machache, ilhali hayahitaji mashine wala dawa ya gharama. Foleni ni sababu moja. Siku ya kliniki ya kisukari watu hufika mapema sana, na daktari mwenye wagonjwa wengi nje ya mlango hawezi kuzungumza na kila mmoja kwa utulivu. Sababu nyingine iko kwetu wenyewe, nayo ni heshima tuliyoiweka mahali isipostahili kukaa. Wazee wetu wengi wamelelewa wakiamini kwamba kumhoji daktari ni utovu wa adabu, na kwamba kumwambia umetumia dawa ya jirani au ya mganga wa kienyeji ni kujitafutia kukaripiwa. Wapo waliowahi kukaripiwa kweli, na sishangai wakinyamaza. Lakini daktari asiyejua unachomeza hawezi kukulinda nacho. Kumuuliza, “Daktari, naomba unieleze, kwangu mimi faida ya aspirini ni ipi na hatari yake ni ipi?” hakuvunji heshima ya mtu yeyote. Kwa anayeona ulimi wake mzito, mwana au mjukuu anaweza kuliandika swali hilo nyuma ya daftari nyumbani, akalisoma au kulionesha akiwa mbele ya meza.

Kuna mambo ambayo mgonjwa huyaona madogo na daktari huyahitaji sana. Dawa za maumivu zinaongoza. Ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake kwenye chembe sahani na wakati huohuo ikaongeza kuumia kwa tumbo, kwa hiyo mtu anayezimeza zote mbili anaweza kuwa anabeba hatari bila kupata faida. Vipo pia vidonge vya maumivu vya pakiti ambavyo ndani yake mna aspirini tayari, ikiwa imechanganywa na parasetamo na kafeini, na mnunuzi hajui. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, au prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, aseme. Anayetumia glibenklamidi ajue kwamba aspirini ya dozi kubwa, ile ya kutuliza maumivu, inaweza kuiongezea nguvu hadi sukari ikashuka kupita kiasi. Kitunguu saumu kinachomezwa kwa wingi kama dawa kinaweza kuongeza uwezekano wa kutokwa damu, nayo habasoda, ambayo ukanda wetu unaipenda, inastahili kutajwa vilevile. Pumu inayochochewa na dawa za maumivu, figo zilizoanza kudhoofu, na damu inayochelewa kukata ukijikata kisu jikoni ni habari ambazo zinaweza kuligeuza jibu zima. Kuhusu macho, ambayo huwatia hofu wengi, utafiti mkubwa wa Marekani uliotumia aspirini ya miligramu 650 kwa siku kwa wenye kisukari haukuona kwamba inaongeza kuvuja damu ndani ya jicho.

Dozi yenyewe pia huleta mkanganyiko. Katika maduka ya dawa ya Ngamiani, kama ilivyo kwingine, ukiomba vidonge vitano muuzaji huchukua mkasi na kukata kipande cha karatasi ya vidonge, na mara nyingi kipande unachoondoka nacho hakina jina la dawa wala idadi ya miligramu. Aspirini ya 75 na ya 300 zote huitwa aspirini kaunta, na mtu anayemeza ya 300 kila siku kwa kuamini kwamba ni ileile anajiongezea hatari bila kuongeza kinga. Ningependa kila anayenunua aombe aoneshwe boksi kabla mkasi haujapita. Wapo pia wanaoamini kwamba kidonge chenye ganda gumu la nje hakiwezi kuumiza tumbo. Ganda hilo huchelewesha kuyeyuka kwake, lakini dawa ikishaingia kwenye damu huzifikia chembe sahani zilezile, na hatari ya kutokwa damu hubaki. Kwa anayefunga Ramadhani, kama daktari amemruhusu kufunga na kumwandikia aspirini, ni vyema aulize aimeze saa ngapi. Wengi huelekezwa kuimeza pamoja na futari, tumbo likiwa na chakula.

Jambo linalonipa hofu kuliko yote ni aspirini inayotolewa nyumbani kwa mtu aliyepinda mdomo ghafla au aliyeishiwa nguvu upande mmoja. Kiharusi kina aina mbili. Kimoja hutokana na mshipa kuziba, na kingine hutokana na mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo, jambo linalowapata hasa watu wenye presha isiyodhibitiwa. Dalili zake zinafanana mno kiasi kwamba hata daktari hawezi kuzitenganisha kwa uhakika bila picha ya kichwa. Ukimpa aspirini mtu ambaye mshipa wake umepasuka, unauondolea mwili nyenzo yake ya kuuziba. Huyo akimbizwe hospitali bila kumezeshwa kitu, maana hata maji yanaweza kumpalia. Kwa mtu anayebanwa na kifua kwa namna ya shambulio la moyo ushauri ni tofauti, kwani hapo aspirini ya miligramu 300 inayotafunwa wakati msaada unatafutwa inaweza kumfaa, alimradi haimdhuru kwa mzio. Mwenye kisukari amuulize daktari mapema, akiwa mzima, afanye nini siku hiyo ikija, hasa kwa kuwa kisukari kinaweza kulifanya shambulio la moyo lije bila maumivu makali ya kifua, likaonekana kama uchovu, jasho na pumzi fupi tu.

Wakati wa mvua kuna swali jingine. Mwaka 2019 homa ya dengi iliposambaa Dar es Salaam, Tanga nayo haikusalimika. Dengi hupunguza chembe sahani, na mwenye dengi huonywa asitumie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kwa kutuliza homa, atumie parasetamo. Anayemeza aspirini ya moyo kila siku akipata homa kali msimu huo asiamue peke yake kuendelea wala kuacha. Aende apimwe na aseme anachotumia. Watoto na vijana walio chini ya miaka 16 wasipewe aspirini ya homa kabisa bila agizo la daktari, hata kama ipo kabatini kwa ajili ya bibi.

Anayekwenda kung'olewa jino au kufanyiwa upasuaji hujikuta njia panda ya namna hiyohiyo. Wengine huacha aspirini wiki nzima kabla kwa sababu wamesikia kwamba damu haitakata, na kwa mwenye kibomba ndani ya mshipa wa moyo kuacha kiholela kunaweza kuleta mauti. Uamuzi huo ni wa daktari wa moyo na daktari wa meno wakisikilizana, na mgonjwa ndiye mwenye kuwaunganisha kwa kuwaambia wote wawili.

Kwa madaktari na wauguzi wa kliniki zetu, wakiwamo wale wanaofanya kazi katika mazingira magumu kule wilayani, ninalo ombi moja. Mnapoandika aspirini, au mnapoamua kutoiandika, andikeni na sababu, kwa maneno machache ambayo daktari mwingine na hata mtoto wa mgonjwa anaweza kuyasoma, na andikeni ni lini suala hilo litazamwe upya. Bila sababu hiyo, mgonjwa akihamia kituo kingine mtu mpya huikuta dawa kwenye orodha na kuiendeleza kwa mazoea, au huiondoa bila kujua ilikuwa ikizuia nini. Jibu la leo linaweza lisifae baada ya miaka mitano. Aliyekataliwa akipata shambulio la moyo huenda akaihitaji kuanzia siku hiyohiyo, na aliyeruhusiwa akiwa na miaka 55 anaweza kufika 72, figo zimechoka na tumbo linalalamika, akiwa bado anameza kila jioni kidonge ambacho hakuna aliyerudi kumuuliza habari zake.